Siku saba, kompyuta 12 na daftari la steshenari

Jumatatu: Dodoma mjini hadi Chamwino

Tulipaswa kuondoka saa mbili. Tumeondoka saa nne na nusu, na kisa ni daftari la stoo. Kompyuta mpakato 12, kipanya cha kila moja, projekta, jenereta dogo na nyaya za kurefushia umeme, kila kitu kiandikwe kwa kalamu pamoja na namba yake ya kiwandani, halafu nisaini mimi, asaini dereva, asaini mtunza stoo. Namba za kiwandani ni vurugu ya herufi na tarakimu. Nimekosea mbili, zikakatwa, tukasaini tena pembeni ya pale palipokatwa. Dereva wetu ni mzee wa Kigogo ambaye ofisi nzima inamwita Mjomba. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ananisubiri, akasema: "Hiyo ndiyo kompyuta yenyewe, mwalimu. Haiishiwi chaji."

Tunakwenda kufundisha kompyuta, na tuna kata tatu mbele yetu: moja Chamwino, moja Mpwapwa, moja Kongwa, siku mbili kila kata. Wanafunzi ni wanachama wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wale wanaolengwa na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Zamani ombi la mkopo lilikuwa barua ya mkono na muhuri wa mtendaji. Sasa linapita kwenye mfumo wa mtandao, na ndiyo maana serikali imetoa hela ya mafuta, posho yetu sisi wakufunzi wawili, na nauli na chai ya washiriki.

Ni Septemba. Mibuyu haina hata jani, upepo unabeba vumbi jekundu na mifuko ya plastiki. Ihumwa treni ya umeme ilitupita ikielekea Dar. Mjomba aliitazama mpaka ikapotea. Alikata tiketi yake ya kwanza mwaka jana kwa simu ya mwanawe, na mpaka leo hajui mwanawe alibonyeza wapi.

Ofisi ya kata iko ndani kidogo kutoka barabara kuu. Watu 22 walikuwa wamekaa tangu saa tatu asubuhi chini ya mti. Mjomba akashuka kabla yangu: "Mbukwenyi!" Wakaitika kwa pamoja, na tayari yeye alikuwa mwenyeji, mimi mgeni. Swali la kwanza, kama kawaida, lilikuwa la nauli. Sikulichukia. Mtu aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali na kuacha kibarua cha siku ana haki ya kuuliza hela iko wapi kabla hajauliza kompyuta inawashwaje.

Kompyuta 12, watu 22. Nimeweka sheria moja tu: kati ya wawili wanaokaa pamoja, aliye mkubwa kwa umri ndiye anayeshika kipanya. Ukiacha wapange wenyewe, kijana anashika, bibi anatazama, na siku ya pili bibi haji.

Saa nzima imeishia kwenye kipanya. Wengi wanakinyanyua hewani, kama anayeelekeza njia, halafu wanashangaa mshale haufuati. Kubofya mara mbili ndiko kulikowasumbua zaidi, maana wanabofya, wanapumzika, wanabofya tena. Nilieleza kwa mdomo, nikaonyesha kwa mkono, wapi. Mwisho mama mmoja wa makamo akawageukia wenzake: "Jamani, ni hodi. Hodi-hodi! Siyo hodi, ukae chini, ndiyo useme hodi nyingine." Kwa dakika tano chumba kizima kilikuwa kinapiga hodi. Kuanzia kesho nafundisha hivyo, sitamtaja aliyenifundisha.

Jumanne: Chamwino

Siku nzuri kuliko zote.

Baobonye, yaani kibodi, lilizua kesi asubuhi. Bibi mmoja alitafuta a, e, i, o, u zilizokaa kwa mstari, kama alivyofundishwa darasani enzi za elimu ya watu wazima, akakuta zimetawanyika. "Nani alizimwaga?" Kisha akauliza Q na X zinafanya kazi gani. Nikasema katika Kiswahili hazina kazi. Akaniangalia kwa huruma: "Na zimepewa nafasi."

Kati yao yumo kijana asiyeona aliyesoma shule maalumu. Nilidhani yeye ndiye atakayetuchelewesha. Nikamwekea programu ya kusoma skrini, ile isiyolipiwa, na sauti yake ya Kiswahili inayosoma kama Mzungu aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Akacheka, akaongeza kasi ya sauti mpaka mimi sikuelewa neno hata moja, akaanza kuchapa kwa vidole kumi. Mimi mwenye shahada ya kompyuta nachapa kwa vidole vinne.

Nikamwomba awafundishe wenzake. Akawaambia wote wafumbe macho, wapapase baobonye. Kwenye F kuna kijinundu, kwenye J kuna kijinundu. "Hapo ndipo nyumbani. Kidole cha shahada cha kushoto kinalala F, cha kulia kinalala J. Ukipotea, rudi nyumbani." Watu wanaoona, akiwemo mwenzangu mkufunzi, walikuwa hawajawahi kuvigundua vijinundu hivyo. Kuna kingine kwenye 5, upande wa namba. Bibi wa Q na X alivipapasa kama anayetafuta kipele.

Mchana tukaandika barua fupi. Kila neno likapigwa mstari mwekundu chini yake. Chumba kikanyamaza. Anayejua shule yetu anajua kalamu nyekundu ni nini. "Tumekosa yote, mwalimu?" Nikawaambia hamkukosa, mashine hii haijaambiwa kwamba mnaandika Kiswahili, inadhani ni Kiingereza kibovu. Nikawaonyesha namna ya kuchagua lugha au kuzima mistari. Lakini jambo hili linaniudhi kila safari. Kiswahili kina siku yake duniani, 7 Julai, UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na bado kompyuta iliyonunuliwa na serikali ya Tanzania kwa ajili ya Watanzania inaletwa kijijini ikiwa imepangiwa kukisahihisha. Kazi ya dakika mbili kwa kila mashine. Kabla ya kutoka stoo ingefanyika, kama dakika hizo zisingeliwa na daftari.

Jioni yule kijana akaniomba nimsaidie kuingia kwenye akaunti yake ya maombi ya kazi. Ipo, anayo tangu mwaka juzi. Nywila, lile neno la siri la kuingilia, hana. "Anayo kaka wa steshenari."

Sikulitilia maanani.

Jumatano: Chamwino hadi Mpwapwa

Alfajiri baridi. Tumeshika barabara kuu ya Morogoro hadi Mbande, tukakata kulia kuelekea Kongwa, tukaipita, tukaendelea na vilima vya Mpwapwa. Mjomba alisimama mara moja kununua ubuyu na mara moja kwa sababu ya ng'ombe. Kufika ilikuwa saa tano.

Darasa lilikuwa ndani ya chumba cha shule, meza zina mashimo ya wino wa zamani. Umeme upo. Leo ilikuwa siku ya majedwali: orodha ya wanachama wa kikundi, jina, simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), hisa. Nilipanga iwe somo jepesi. Mwekahazina wa kikundi cha wafugaji wa kuku, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaandika namba yake ya NIDA kutoka kwenye kadi, tarakimu zote 20, polepole, akitamka kila moja. Zile 8 za mwanzo anazijua kwa moyo, ni mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa. Akabonyeza Enter. Ikatokea 1.97E+19.

"Mwalimu, imenila."

Na kweli imemla. Programu hizi za majedwali zinashika tarakimu 15 tu kwa usahihi. Ukiipa namba ya tarakimu 20 inaifupisha, na hata ukiirefusha tena ili uione, zile 5 za mwisho zimegeuka sifuri. Hakuna onyo, hakuna mstari mwekundu wowote. Neno sahihi la Kiswahili inalipigia kelele, namba ya mtu inaitafuna kimyakimya. Namba za simu nazo ile 0 ya mbele inadondoshwa, kwa sababu mashine inadhani unahesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Dawa ni kuiambia safu nzima kwamba haya ni maandishi, siyo hesabu, au kuanza na ile alama ya mkato wa juu kabla ya tarakimu ya kwanza.

Mama akafungua mkoba akatoa karatasi zilizokunjwa. Ombi la mkopo la kikundi chake lilirudishwa mwezi wa nne, maelezo yake: taarifa za wanachama si sahihi. Orodha ilichapwa kwa malipo, mjini. Tukaangalia pamoja. Namba za NIDA za wanachama wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, zilikuwa zinaishia na sifuri tano. Wamekaa miezi mitano wakidhani kati yao yupo mwenye kadi feki, na wawili walishasusiana.

Somo la leo halikwenda mbali zaidi ya hapo. Mwekahazina aliandika upya orodha yote, yeye mwenyewe, mpaka saa kumi na mbili, na mimi nikakaa pembeni nasoma tarakimu kwenye kadi moja moja. Chakula cha jioni kwa mwenyeji wetu: ugali wa uwele na mlenda. Mwenzangu kutoka Bukoba bado anaupigania mlenda usimponyoke.

Alhamisi: Mpwapwa

Asubuhi mzee mmoja aliuliza hela ya mambo haya inatoka wapi, na swali lilinifurahisha. Nikamweleza kuhusu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, ambao kampuni za simu zinauchangia kutoka kwenye mapato yao, ili mawasiliano yafike kule ambako biashara peke yake isingefika. Mikataba ya minara 758 ya vijijini ilisainiwa hapa Dodoma Mei 2023. Akasikiliza, kisha: "Kwa hiyo vocha yangu ndiyo imejenga mnara." Kwa namna fulani, ndiyo, babu. "Basi mtandao ukikatika nimlalamikie nani, mimi mwenyewe?"

Halafu tukafika kwenye barua pepe, na hapo ndipo lile neno la kijana wa Chamwino liliponirudia.

Niliuliza nani ana barua pepe. Wengi walinyoosha mkono, nikafurahi mapema. Nikasema haya, kila mtu aingie kwenye yake. Hakuna aliyesogea. Mmoja mmoja wakaanza kueleza. Ya huyu alifunguliwa na kijana wa steshenari wakati wa kuomba namba ya mlipa kodi. Ya yule alifunguliwa na mpwa wake ambaye sasa yuko Mbeya. Mwingine ana tatu, kila alipokwenda na shida mpya alifunguliwa mpya, kwa sababu ya zamani haikujulikana inaingiwaje. Nywila wanaijua iko wapi: kwenye daftari la mtu mwingine.

Takwimu zingewahesabu watu hawa kuwa wana barua pepe. Wana usajili, wana akaunti. Ni sawa na mtu kuwa na nyumba, ufunguo ukawa kwa jirani, na kila akitaka kulala anamlipa jirani amfungulie.

Nikatupa ratiba. Mchana wote ukawa wa nywila: nini maana yake, kwa nini isiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na namna ya kutunga sentensi ya Kigogo ambayo hakuna kijana wa steshenari atakayeibuni. Hapo palikuwa na kicheko kingi, na Mjomba, aliyeitwa kuhakiki, alikataa kunitafsiria baadhi ya walizotunga.

Ijumaa: Mpwapwa hadi Kongwa

Kilomita chache, ila gari lilipata pancha mbili.

Wakati Mjomba anaziba, nilikaa kwenye genge la chai na wazee wawili wa Kongwa. Nilipowaambia tumeleta kompyuta, mmoja akasema, "Hapa walileta hata matrekta." Alimaanisha ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, makao yake yakiwa Kongwa. Walileta mitambo kwa mamia, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mibuyu ikawashinda kung'oa. Udongo ukikauka unakuwa kama sementi, na mvua haikuja kama walivyoiandika kwenye karatasi zao London. Mwaka 1951 wakaufunga, hasara mamilioni ya pauni. Mzee anasema baba yake alipata huko kibarua na buti, na buti zilidumu kuliko mradi.

Alinitazama mpaka nikaangalia kompyuta zangu 12 zilizofunikwa turubai.

Darasa la mchana: kipanya, hodi-hodi, F na J nyumbani. Sina jipya.

Jumamosi: Kongwa

Umeme ulikatika saa tatu. Jenereta likawaka, likazima, likawaka, Mjomba akalipiga teke kwa ustadi. Likitetemeka, kompyuta zenye betri chakavu zinazimika zenyewe, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi kuna mtu anasema "mwalimu, imelala". Hifadhi kazi yako, ndiyo ilikuwa wimbo wa siku.

Kikundi cha mafundi cherehani cha hapa kinashona sare na mashuka. Katibu wao, mama wa kama miaka 50, anajua alichokifuata. Amesikia kwamba asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma imetengwa kwa makundi maalumu, na kwamba zabuni zote zinatangazwa kwenye mfumo wa NeST. Anataka kushona mashuka ya vituo vya afya. "Usinifundishe kuandika barua ya salamu, mwanangu. Nifundishe kuingia huko." Kikundi chake kimesajiliwa kwenye mfumo, alilipia kusajiliwa.

Mtandao wa simu yangu ulitosha. Tukaanza na barua pepe, maana taarifa zote zinapita huko. Nywila hana. Tukabonyeza nimesahau nywila. Skrini ikasema namba ya uthibitisho itatumwa kwenye simu inayoishia na 47.

Akaangalia simu yake. Akaangalia skrini.

"Hiyo siyo yangu."

Tukasubiri kidogo, kama vile simu ingebadili mawazo. Dakika moja baadaye ikaita simu yake. Ni kijana wa steshenari wa senta ya njia panda: "Shikamoo mama. Kuna namba imeingia kwangu. Ni wewe au ni mwizi?"

Jumapili: Kongwa, njia panda, Dodoma

Mama alituwahi kwenye gari baada ya ibada ya kwanza, amevaa kitenge cha kanisani. Amekaa mbele na Mjomba, wameongea Kigogo njia nzima.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta tapeli. Steshenari yenyewe ni chumba kimoja chenye mashine ya kudurufu, kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na bango la huduma: vyeti vya kuzaliwa, maombi ya vyuo, mikopo, leseni, picha za pasipoti. Kijana alisimama, akamwamkia mama, akamwamkia Mjomba, akatuletea viti. Kisha akatoa chini ya meza madaftari matatu makubwa, yale ya kaunta. Jina, barua pepe, nywila, namba ya siri ya mfumo huu, nywila ya mfumo ule. Kurasa kwa kurasa, mwandiko safi.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Ilipitishwa Bungeni, saa moja na nusu hivi kutoka kwenye meza ile. Sikuitaja. Kijana mwenyewe ndiye aliyeanza kulalamika: anapigiwa simu saa sita usiku na watoto wa watu wanaoomba chuo, amehamisha laini hiyo kwenye simu tatu kwa sababu akiipoteza nusu ya kata imefungiwa nje. Mwaka jana mchwa walikula ukingo wa daftari la kwanza, hakulala siku mbili. "Nawaambia wazishike wenyewe. Wananiambia we kaa nazo tu, mwanangu, sisi tutazipoteza."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kwenye mafunzo. Mafunzo yalikuwa ya vikundi, yeye hana kikundi.

Mama akavuta kiti mbele ya kompyuta. Alikunja ile mikono ya kitenge. Akabofya, hodi-hodi. Kijana akamsomea nywila ya zamani kutoka kwenye daftari, ilikuwa jina la kikundi na 123. Ikaingia. Akatafuta pa kubadili namba ya simu, akakosea, akarudi, akapaona. Namba ya uthibitisho safari hii iliita ndani ya mkoba wake. Ilipofika zamu ya nywila mpya, kijana aligeuka, akaukabili ukuta wa rangi ya bluu, mikono nyuma, mpaka alipoambiwa tayari. Mimi pia niligeuka. Mjomba alikuwa nje anakagua matairi.

Ilimchukua muda. Tulisikia herufi moja, kimya, herufi nyingine.

Kisha kijana akachukua rula na kalamu, akaukata ule mstari mmoja wa mama kwenye daftari. Mama akauliza anadaiwa kiasi gani. Kijana akasema hakuna. Mama akaweka shilingi elfu moja juu ya meza, akaomba achapiwe tangazo la zabuni ya mashuka, kurasa zote, asomee nyumbani.

Tumefika Dodoma saa kumi na moja jioni. Mtunza stoo alikuja siku ya mapumziko kwa ajili yetu, kanuna kidogo. Kompyuta 12 zimerudi, mbili zina vumbi ndani ya baobonye kiasi kwamba herufi N haiitiki, moja betri imekufa. Akafungua daftari, akanipa kalamu. Nikaanza tena namba ya kwanza ya kiwandani.